Mabao ya Zakariya Awadh

Mji wa Kale, Mombasa
12 Septemba 2023

Kaka yangu Ziad,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta ungali Malta. Nimetumia anwani uliyotupa mwezi wa tano, na najua kwako miezi minne yatosha kuhama nchi mbili. Sisi huku hatujambo. Mama goti lamsumbua akipanda ngazi, kwa hivyo sasa analala chumba cha chini kilichokuwa cha marehemu baba. Yumna, binti wa dada, amemaliza mitihani na amejitwika kazi ya kumsomea Mama simu yake. Ukuta wa uani umeanguka tena, upande ule ule ulioanguka ulipokuwa Oman.

Utashangaa kuona karatasi. Naogopa simu. Ujumbe wa simu haufi, na ukipita mkononi mwa Yumna utakuwa umefika mtaa wa Ganjoni kabla sijaufuta. Barua mtu huisoma akaichoma. (Nakala ya hii nimeiweka kwenye faili, kwa kumbukumbu tu.)

Jambo lenyewe ni hili. Mama anataka kwenda Umra mwezi wa Shaaban pamoja na kundi la wanawake wa mtaani, na wasimamizi wa kundi wanataka kila mwanamke awe na maharimu wake, yaani mwanamume wa jamaa asiyeweza kumuoa. Maharimu wake ni mimi. Sijapata kuwa na pasipoti, basi Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda kuiomba. Kazi yangu unaijua: nalinganisha karatasi za mizigo inayoshuka bandarini, na karatasi isipolingana na kontena, kontena halitoki. Fomu yangu niliijaza mara mbili, moja ya kupeleka na moja ya akiba.

Afisa aliyenihudumia anaitwa Maxwell. Alitazama kompyuta yake, akanitazama mimi, akaitazama tena.

“Wewe unayo pasipoti.”

“Sina, bwana.”

“Unayo. Ulipewa ya kwanza mwaka wa 2012, ukiwa na miaka kumi na saba. Ukabadilishiwa ukiwa Oman, halafu tena ukiwa Jojia.” Kisha akashusha sauti kama mtu anayeuliza siri. “Ni wewe yule Zakariya Awadh, namba tisa? Nilikuona mtandaoni ukifunga kwa kichwa kule Vietnam. Mbona umenenepa hivi?”

Akanigeuzia kompyuta. Picha ilikuwa yako, kaka. Tarehe ya kuzaliwa ilikuwa yangu. Jina la mama, Mwanakuu, mama yangu mimi.

Ningemwelezaje mgeni mambo ya nyumba yetu? Kwamba baba alikuwa na wake wawili, na kila mmoja akashikilia kuwa mwanawe wa kwanza apewe jina la babu Zakariya, na baba kwa kutaka amani akakubali mara mbili. Kwamba mke hamtaji baba mkwe kwa jina, kwa hivyo wewe ukaitwa Ziad na mimi nikaitwa Khubaib, na Zakariya mkubwa na Zakariya mdogo wakabaki vyetini, mmoja wa mwaka 1990, mwingine wa 1995. Nilikohoa, nikasema nitarudi na karatasi nyingine, nikatoka. Nilikwenda nikakaa ufuoni pale Mama Ngina hadi magharibi bila kununua hata muhogo.

Huenda mashine imekosea. Kundi linataka pasipoti zote kabla ya tarehe 20 Januari. Nieleze, tafadhali.

Mdogo wako,
Khubaib


Malta
15 Oktoba 2023

Mdogo wangu,

Wa aleikum salaam, na zaidi yake. Barua yako ilikaa klabuni wiki mbili kwa sababu hakuna aliyejua kwamba bado kuna watu wanaoandika. Kipa wetu alidhani ni mambo ya mahakama. Mimi mzima. Hapa baridi bado haijakaza, samaki wapo lakini hawajui kuwapaka tui. Mwambie Mama mdogo kwamba kaimati zake nimeziota mara mbili mwezi huu, na mara ya pili niliamka nikiwa nimeuma mto.

Jumamosi nilifunga. Uwanjani kulikuwa na watu mia mbili, wengine wakisubiri mvua iishe, lakini bao ni bao. Ni la mia moja na kumi na tano. Nimeyaandika yote tangu la kwanza.

Ama hilo lako, usijitie joto. Mashine haikukosea. Mwaka ule wa 2012 walikuja mawakala wa mpira kutafuta wachezaji wasiozidi miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa na ishirini na mbili. Jina ni lile lile, baba ni yule yule, pua ni ile ile. Ilibaki tarehe na jina la mama, basi.

Dawa yake ni nyepesi. Cheti changu cha kuzaliwa kimo ndani ya sanduku la Mama mdogo, chini kabisa, chini ya nguo za marehemu mama yangu. Kichukue ukaombee pasipoti. Kipya kabisa, hakijatumika hata siku moja. Utakuwa na miaka thelathini na tatu. Mimi ninayo, haiumi sana.

Wako,
Ziad


Mji wa Kale
20 Novemba 2023

Kaka Ziad,

Salamu nyingi kutoka kwa wote. Mama amefurahi kusikia habari za kaimati na amezipika, akazila kwa niaba yako mume wa dada. Mvua zimenyesha vizuri. Yumna amepata nafasi ya chuo.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Pendekezo lako siwezi kulikubali, na nitaeleza sababu. Kwanza, kitambulisho changu kinasema 1995. Pili, vyeti vyangu vya shule vinasema 1995. Tatu, nitasimama mbele ya Kaaba nikiwa mtoto wa Bi Nabiha, mama yako, Mungu amrehemu, aliyefariki nikiwa na miaka sita, na mama yangu mzazi yuko ubavuni mwangu. Kwa sheria ya dini mtoto wa kambo naye ni maharimu, nimeuliza. Lakini sikuuliza ili nipate njia. Nimeuliza kwa sababu mimi huuliza.

Wajua nimerithi nini? Stacy, ninayeketi naye meza moja ofisini, aliandika jina langu mtandaoni akasoma kwa sauti. Nilitolewa kwa kadi nyekundu Vietnam kwa kumtukana mshika kibendera. Nilikosa penalti ya fainali Oman. Nilioa Jojia na nikaacha. Mimi, kaka, ambaye nikitaka kumwambia mtu afunge dirisha huandika kikaratasi. Stacy alicheka hadi akafuta machozi. Mimi nilitoka jasho. Kazi yangu yote ni kusema karatasi hizi zinalingana au hazilingani. Wakijua kwamba karatasi zangu mwenyewe hazilingani, sitamaliza wiki.

Ulipokosa maziko ya baba ulisema ni ligi, nikakubali. Hili sikubali. Waambie klabu ukweli, urudishe jina. Kila alasiri Mama anazunguka kisima cha uani mara saba ili goti lizoee. Juzi alifika mara tano akakaa chini, akapumua, akainuka akamaliza.

Na swali moja. Ufunguo wa sanduku lile Mama huufunga kwenye pindo la leso, hata akilala. Cheti changu ulikiibaje?

Khubaib


Dhaka
14 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Salamu kutoka mji wenye watu wengi kuliko feri saa kumi na mbili asubuhi. Barua yako imenifuata kutoka Malta. Kipa ameituma, muungwana yule. Kule tuliagana. Kocha alisema hajapata kumwona mtu wa miaka ishirini na minane anayekimbia kama ana arobaini. Alidhani mimi ni mvivu. Imeniuma, kwa sababu sijapata kuwa mvivu hata siku moja, na siwezi kujitetea.

Hapa niko kwenye majaribio. Mechi mbili, mabao mawili, sijui kama yanahesabiwa. Daktari wao alipiga picha ya goti akaliangalia muda mrefu. Akasema goti hili ni la mzee. Rais wa klabu akasema basi itakuwa ni ugonjwa wa ukoo. Nikasema ndiyo, hata mama yangu analo. Kwa hivyo goti la Mama mdogo limenisaidia, mshukuru.

Sasa sikiliza. Tarehe 25 Januari natia saini mkataba wa miaka miwili. Mgeni wa miaka thelathini na tatu hapa hupewa mkono akatakiwa safari njema. Wa ishirini na minane hupewa miaka miwili na chumba chenye feni. Huu ndio wa mwisho, najua. Nimecheza nchi saba, Khubaib, na sijui kuandika barua ya kuomba kazi. Wewe unajua kuandika, mimi najua kusimama mahali mpira unapokuja. Nipe hadi huo mkataba uishe. Umra ipo kila mwaka.

Na sikuiba. Zaidi ya hapo sisemi. Na tafadhali, Mama mdogo usimuulize.

Ziad


Mji wa Kale
19 Januari 2024

Kaka Ziad,

Natumai u mzima na feni inafanya kazi. Huku joto limekaza. Yumna amekwenda chuo, na Mama sasa anasoma simu mwenyewe kwa kuiweka mbali na uso, na amegundua mambo mengi tuliyokuwa tukimficha. Ukuta umesimama.

Nilimuuliza.

Alikuwa kwenye mkeka akichambua mchele. Hakuinua macho.

“Nalimpa mie,” akasema.

“Bila ya kuniambia?”

“Ningekwambia ungelia. Wewe hata feri ukivuka ulikuwa walia.”

“Mama, nilikuwa mtoto.”

“Ulikuwa na miaka kumi na saba. Twaenda matangani Likoni, chombo hakijang'oka, ukamshika mkono mwanamume tusiyemjua. Tulipofika ng'ambo hukumwachia.”

Nilikuwa nimemsahau yule mtu.

“Mwenzio alikuwa na pa kwenda,” akaendelea, akitupa jiwe. “Karatasi yako ilikuwa imelala tu sandukuni. Nikaona mmoja ende, mmoja nibaki naye.”

“Na sasa?”

“Sasa nataka kwenda Makka. Na wewe ukiwa huwezi, mwambie Ziad aje anipeleke. Yeye karatasi zake zasema ni mwanangu.”

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyosema mchele huu una mawe.

Kesho yake, tarehe 8, nilibeba faili yote, na barua zako mbili ndani yake, nikaenda kwa Bwana Maxwell nimekusudia kusema kweli tupu. Nilikuwa nimeiandika kwa nukta, ukurasa mmoja na nusu. Foleni ilikuwa ndefu na kila nilivyosogea ukurasa ule ulizidi kuwa mrefu. Nilipofika dirishani akasimama kabisa.

“Namba tisa amerudi. Iko wapi ile pasipoti?”

“Siko nayo.”

“Imepotea?”

“Kwa sasa sijui iliko.”

Hilo si uongo. Ulikwisha hama Malta bila kutuambia, ungeweza kuwa umehama na Dhaka.

“Na mpira je?”

Nikasema, “Nimeacha mpira.”

Na hilo pia si uongo, kaka. Tangu darasa la tano sijaugusa. Lakini alisikitika mno. Alitoa mkono dirishani akanipa pole, akaniambia nimeacha mapema, ningeweza kucheza miaka mitano mingine. Vidole vyangu vikapimwa vikalingana na vya kitambulisho, kwa kuwa kitambulisho ni changu. Kituo cha polisi nikaandikisha maneno yale yale: siko nayo, sijui iliko. Ile ya zamani wakaifuta. Barua zako hazikutoka kwenye faili. Jana nimepewa pasipoti yangu, na leo nimeipeleka kwa wasimamizi wa kundi, siku moja kabla ya mwisho.

Kuna jambo ambalo sikulitaja katika barua ya kwanza wala ya pili. Mwaka wa 2017 uliniomba nakala ya kitambulisho changu. Ulisema ni ya kupokelea mzigo. Mimi ni karani wa mizigo. Najua hakuna mzigo duniani unaotaka tarehe ya kuzaliwa ya mdogo wa mtu. Nilikutumia, na sikuuliza, kwa sababu ningeuliza ungenijibu.

Kwa hivyo usisafiri na pasipoti ile. Najua mkataba ni tarehe 25, na posta wameniambia barua itachukua wiki tatu au zaidi. Mama anayo namba yako ya simu. Lakini wajua ninavyoogopa simu.

Ndani ya bahasha hii nimetia cheti chako. Nilimwomba Mama ufunguo, nikakitoa mwenyewe chini ya nguo za Bi Nabiha, na nguo nimezikunja kama nilivyozikuta. Kipya kabisa, hakijatumika hata siku moja.

Khubaib

Tanbihi: Timu ya ofisi ya Bwana Maxwell inacheza Jumapili ya tarehe 4 Februari na timu ya mawakala wa mizigo. Mshambuliaji wao amehamishwa. Bwana Maxwell ameniomba nicheze nusu saa tu, kwa ajili ya heshima. Nilikubali. Muhuri ulikuwa bado mkononi mwake.


Dhaka
16 Februari 2024

Khubaib,

Salamu utazigawa mwenyewe.

Barua yako imechukua siku ishirini na nane. Nilikwisha jua. Tarehe 24 klabu walipeleka pasipoti yangu kuombea kibali cha kazi, wakaambiwa imefutwa, na kwamba mwenyewe ndiye aliyeifuta. Rais akaniita ofisini akaniambia hivyo. Nikasema mwenyewe ni mimi. Nililisema vibaya, kama mtu anayesoma jina la kijiji asichokijua. Akanitazama, akalitazama goti, naona akalinganisha karatasi. Ungempenda.

Hawakunishtaki. Walinipa wiki nne za chumba, bila feni.

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kukuandikia. Nilianza kuyatafuta tangu siku ile, mengine kwa Kiarabu cha Oman, kuna tusi moja kule refu na zuri. Ndipo bahasha ikaja na cheti kikaanguka. Nilikaa kitandani nikakisoma. Jina la mama: Nabiha. Miaka kumi na miwili kila fomu nimeandika Mwanakuu, na Mama mdogo amenilea tangu nikiwa na kumi na mmoja, sikuona kosa. Uwanja wa ndege, hospitali, benki, siku ya ndoa. Kila mahali waliponiuliza mama yako ni nani, nilimruka.

Nimekituma kwa ubalozi wetu wa karibu. Watanipa karatasi ya kurudia nyumbani, safari moja tu. Goti limefurahi kuliko sisi wote.

Sijakusamehe. Tandika kitanda cha chumba cha juu.

Ile mechi imekwisha chezwa, lakini kwa kuwa ni jina langu pia: usikae katikati, watakukanyaga. Simama karibu na mlingoti wa mbali, tulia, usiukimbilie mpira. Utakuja wenyewe.

Ziad


Madina
28 Februari 2024

Kaka yangu Ziad,

Assalaam aleikum kutoka mji wa Mtume. Jibu lako nilikuwa sijalipata tulipoondoka, na sijui kama lipo. Barua hii naituma Dhaka; ukiwa umeondoka, yule kipa wa Malta asihusishwe.

Tulifika salama. Ndege ilipopaa nilimshika mkono abiria wa jirani. Alikuwa mzee wa Malindi, akavumilia. Mama alikuwa upande wa pili, akatazama dirishani kwa adabu. Pale uwanjani afisa wao aligonga muhuri ukurasa wa kwanza bila kuniuliza lolote. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali tisa.

Kule Makka Mama alizunguka Kaaba mara saba, hakukaa hata mara moja. Mimi nilichoka mzunguko wa tano. Alishika bega langu, au mimi nilishika lake, na nikamsikia akimwombea Zakariya. Miaka ishirini na minane sijapata kulisikia jina la babu kinywani mwake. Sikumuuliza ni yupi. Wenzake wa kundi anawaambia mwanawe ni mchezaji mpira, na wananitazama tumbo.

Ufunguo wa sanduku ameuacha kwa dada. Amemwambia Ziad akija kabla yetu apewe, nguo za mamake ni zake.

Jambo la mwisho, kwa kumbukumbu. Nilicheza. Bwana Maxwell alinivalisha namba tisa mwenyewe. Niliona watu wote wanakimbilia katikati, na kwa kuwa niliogopa nikaenda nikasimama peke yangu kwenye mlingoti wa mbali, ambapo hapakuwa na mtu wala hatari. Dakika ya kumi na nane mpira ulinijia. Nilifumba macho. Ulinigonga kwenye paji la uso ukaingia. Maxwell alinibeba, alisema ni lile lile la Vietnam. Stacy alikuwa upande wa mawakala, na tangu siku hiyo hanicheki.

Nimeliingiza kwenye orodha. Ni la mia moja na kumi na sita. Yale mawili yako ya majaribio sikuyahesabu, kaka, kwa sababu hayana karatasi.

Mdogo wako,
Zakariya Awadh